Mita Thelathini na Tatu za Ukuta Wetu

Nyumba ya Pembeni,
Barabara ya Pili.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Kabla ya lolote, goti linaendeleaje? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Nimefurahi, ila usijitie ujana. Na yeye bado anakoroma mpaka majirani wanagonga? Msalimie sana. Sisi huku wazima. Wifi yako ana mafua kidogo, mimi nina kitambi kidogo, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mgonjwa.

Pesa ulizotuma zimefika, pamoja na yale maneno yako mawili: "Lipa yaishe." Asante, Dada. Silipi.

Usikunje uso. Najua habari hizi umezipata kwa binamu yetu kinyozi, na yule akikusimulia manyunyu utatafuta mtumbwi. Ngoja nikueleze mwenyewe.

Manispaa wanataka kuweka lami Barabara ya Pili, na mitaro ya zege pande zote mbili. Jambo jema. Ila gharama wanatutoza wenye nyumba, kila mmoja kwa urefu wa ukuta wake unaotazama barabara. Mwezi wa kwanza wakaja wapimaji wawili. Mimi nilikuwa kibarazani na cherehani yangu, nashona sare za shule. Nikawaona wanavuta kamba imelegea katikati kama suruali isiyo na mkanda. Dada, nimeshika futi miaka thelathini, macho yangu hayawezi kuvumilia kitu kama kile. Nikatoka nikawaonyesha namna ya kukaza. Tena kwa mazoea ya kazi, maana kiuno hakipimwi mbele tu, nikawazungusha pembeni, tukaenda na ukuta wa kichochoroni mpaka kwenye choo cha nje. Namba nikawasomea mwenyewe: mita thelathini na tatu. Wakaandika, wakanishukuru sana. Nikawapa na chai.

Mbele tuna mita kumi na nne tu. Hizo nyingine kumi na tisa zinatazama kichochoro ambacho hakitamwagiwa hata kokoto.

Ankara ilipokuja, wifi yako aliisoma mara mbili, halafu akaniuliza kama ile chai niliwatilia na sukari.

Huo ni ujinga wangu, na nimeukubali. Lakini kuna ghala kule mwisho wa mtaa, lile ambalo malori yake ndiyo yaliyochimba mashimo yote haya. Lenyewe linatazama barabara kwa lango tu, mita tano. Mkunga mstaafu wa nyumba ya tatu, aliyewapokea wanangu wote duniani, ana ukuta wa mita ishirini na mbili na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Alikuja kwangu juzi na karatasi yake, akaniuliza kama namjua mtu anayenunua makabati. Nilishindwa hata kutania, na wewe unanijua.

Jumamosi iliyopita tuliitwa kwenye darasa la shule ya msingi tukatie sahihi za kukubali. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Afisa akaeleza kwamba usipolipa kwa miezi mitatu, deni linaandikwa kwenye hati ya nyumba, na likikaa mwaka nyumba inaweza kupigwa mnada. Nyumba ile, Dada, aliyoijenga Mama chumba kimoja kimoja kwa kufua nguo za watu. Nikasimama, dawati nalo likataka kusimama na mimi, nikasema zile mita kumi na tisa za kichochoroni zitolewe.

"Mzee, si ulipima mwenyewe?" afisa akaniuliza. Darasa zima likaangua kicheko, mkunga akiwemo.

"Nilipima, tena sawasawa," nikamwambia. "Na wewe leo nikikupima mwili mzima, kesho nikakushonea kaptula, utanilipa ya suti?"

Hapo wakacheka upande wangu. Nikaongeza kwamba barabara naitaka, na mita zangu kumi na nne nitazilipa, lakini waende na kule ghalani wakapime malori. Mkunga akainuka, akairudisha karatasi yake mezani bila sahihi. Nyumba kumi na moja zikamfuata.

Najua unaogopa nyumba isitutoke. Mimi pia naogopa, tena mimi ndiye ninayelala humo. Lakini tukilipa hayataisha. Mwakani watakuja na taa za barabarani, na daftari lao litakuwa bado linasema thelathini na tatu.

Pingamizi wanalipokea ikiwa wenye hati wote wametia sahihi, na hati yetu ina majina mawili. Fomu nimeiweka humu. Mwisho ni tarehe 28. Pesa zako nimezirudisha leo asubuhi, kwa hiyo njia ya kulipa yaishe haipo tena. Nisamehe, nimekufanyia udogo wangu.

Nisalimie wapwa zangu wote, hasa yule mbishi, mwambie mjomba wake anajivunia ubishi wake. Wifi yako na watoto wanakuamkia. Mungu awape siku nyingi na usingizi mzuri chini ya paa lenu.

Jina langu kwenye fomu nimeliandika juu kidogo ili lako lipate nafasi. Nafasi ikirudi tupu sitakununia. Tarehe 28 nitakuwa dirishani pale manispaa na fomu yenye jina moja hilohilo, waikatae nikiwatazama.

Ndimi mdogo wako akupendaye hata ukigoma,
Fundi Pindo