Taa Ambayo Msomi Hakuiwasha

Chumba cha Kupimia Macho,
Ghorofa ya Pili.
Jumamosi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Kitindamimba,

Salamu nyingi, mdogo wangu. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje, na yule mdogo kikohozi kimemwisha? Huku sisi wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hausumbuliwi na kitu.

Nianze na mkuu wa chumba chetu, tunayemwita Msomi kwa kumkejeli. Humjui, na hujapungukiwa na kitu. Ni debe tupu lililovaa tai, lina neno gumu kwa kila swali. Ripoti huanza kuiandika mgonjwa akiwa bado mlangoni. Huyo ndiye aliyempima Dada Mkubwa na kuandika kwamba macho yake yanakufa, asipande tena ile winchi ya kunyanyulia vyuma anayoiendesha kiwandani.

Sasa nisikilize. Nakueleza kama nilivyomweleza Mama, naye alielewa mara moja, na shule yake iliishia darasa la nne. Nyuma ya jicho kuna chembe za aina mbili. Kuna vijiti, vya kuonea penye giza, na kuna koni, za kuonea mchana, za kutambua rangi na taa inayowaka na kuzimika upesi. Watu hudhani kila kundi lina zamu yake, halina habari na lenzake. Si kweli. Ukimkalisha mtu gizani nusu saa, vijiti vinazoea giza, vinapata nguvu, kisha vinazikandamiza koni. Koni ni nzima kabisa, ila zimezibwa mdomo. Washa mwanga hafifu, vijiti vinatulia, koni zinaachiwa.

Ndiyo maana kabla ya kupima koni kwa ile taa nyekundu inayowaka na kuzimika, lazima taa ndogo ya pembeni iwashwe kwanza dakika kumi. Imeandikwa ukutani, kwa mkono wangu. Msomi haiwashi, maana dakika hizo kumi zinagongana na chai yake. Akishawakalisha watu gizani kwa kipimo cha vijiti, anawawashia taa nyekundu papo hapo. Dada akasema haoni ikizimika, anaiona imetulia tu. Msomi akaandika kwamba koni zinakufa, akaenda kunywa chai.

Jumatatu nilimrudisha Dada mwenyewe. Nikampima gizani, taa nyekundu akaiona imetulia tu. Nikawasha taa ndogo, tukangoja huku tukimsengenya bwana yule, nikampima tena.

"Eh! Mbona sasa inacheza?"

Nilimpima mara tatu. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Nililia, wala sikujificha. Nilipompelekea Msomi karatasi, alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea: "Vijiti na koni haviingiliani, dada. Kasome." Mimi nikasome! Daktari mkubwa wa macho alipitia vipimo vyangu, akafuta ripoti ya kwanza na kusaini mpya. Msomi nimemaliza naye.

Nageukia kwako. Ulitumiwa picha ya ripoti ile ukaimeza nzima nzima. Hukuuliza hata swali moja, na dada yako mwingine anafanya kazi chumba hichohicho! Badala yake ukamwandikia Dada, "Umri umekwenda, shuka, usije ukaua watu." Mtu aliyepanda ngazi ya winchi ile miaka kumi na tisa asiangushe hata chuma kimoja. Mtu aliyekusomesha kwa kukaa peke yake kutwa nzima kwenye kile kibanda cha vioo huko juu. Msomi ni mjinga wa kazi yake. Wewe ni mjinga wa nini? Nimekudharau, mdogo wangu, na nakuambia usoni kwa sababu ningekusema kisogoni ningejidharau mwenyewe.

Kwa neno lako hilo Dada aliandika barua ya kuacha kazi. Bahati nzuri msimamizi wake ni mtu wa busara, ameifungia kwenye droo mpaka Ijumaa ijayo. Dada anaweza kwenda kuichukua hata kesho kutwa, ripoti mpya anayo. Nimembembeleza, Mama amemfokea, hataki. Anashinda chumbani anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jana ndiyo alinijibu, mara moja tu: "Aliyeniambia nishuke ndiye ataniambia nipande."

Msalimie wifi, na watoto uwape salamu za shangazi yao. Mama anakuombea heri na afya. Mimi nakuombea Mungu akupe haya kidogo, nyingine utajitafutia.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii anakuletea jirani yetu fundi cherehani. Atafika kwako Jumanne. Nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka amekusikia kwa masikio yake ukizungumza na Dada.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Wa Katikati.