Kuku Wamehama, Mama Hajahama

Alhamisi, Pito. Baridi, na upepo ulioamka kabla yetu.

Huu upepo wa Julai hapa Ufipa hauna adabu kabisa. Unapita hata pale ulipoziba kwa nguo. Vidole vyangu vimepasuka, mgongo unauma, na bado natakiwa nishukuru kwa sababu maharage yamekauka vizuri. Haya, nimeshukuru. Nimechoka.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: nilirudi kwa mama yangu mwaka jana, baada ya kiwanda nilikokuwa karani kuuzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji kutuambia kwamba ana watu wake. Nililia kidogo, nikapanda basi, nikashika jembe. Mama ni mjane. Anakohoa. Na analala jikoni.

Ndiyo, jikoni. Jiko letu ni kibanda cha udongo nje ya nyumba, na kuku wetu wote wanalala humo karibu na moto, kama walivyolala kuku wa bibi. Mama naye alitandika godoro lake humo humo. Daktari mjini alishamwambia kwamba moshi na vumbi la kuku vinammaliza kifua, ahamie ndani. Mama akaitikia vizuri kabisa, "Sawa baba," akarudi akalala jikoni. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: yeye akiondoka, kicheche akaingia, nani atawalinda kuku?

Basi nikaamua kuwajengea kuku banda.

Na mimi nilijiona najua kila kitu. Nilikuwa na mchoro kutoka semina moja ya ufugaji nilipokuwa Dar, banda zuri, wavu pande zote ili hewa ipite. Wavu nikaununua mjini, Majengo, kijana wa bodaboda akaubeba huku analalamika njia nzima, fundi kutoka Katandala akajenga. Lilipokamilika nililizunguka nikijisifu. Jioni upepo ukaingia upande huu ukatokea upande ule, hata kiberiti hakikuwaka humo ndani. Mchoro ule ulichorwa na mtu anayelala akitokwa jasho, mimi nimekuja kuusimika huku ambako tunalala na soksi!

Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, alikuja kuona. Akashika wavu, akaniangalia usoni. "Dada, hapa unafuga kuku au unaanika dagaa?"

Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Usiku uliotangulia mama alikohoa mpaka nikamsikia nikiwa chumbani kwangu.

Kuku wenyewe hawakubishana na mtu. Jua lilipozama walijipanga, jogoo mbele, wakaingia jikoni kwao.

Ikabidi nianze upya. Kila nikitoka shambani nakanyaga udongo. Nikafyatua matofali, nikaziba upande wote unakotoka upepo mpaka juu, nikasiliba kwa kinyesi cha ng'ombe cha Mama Kulwa na majivu. Upande wa jua nikaacha wavu, nikauwekea pazia la magunia. Nikafunga fito za kulalia, nikamwaga maranda chini. Mama alikaa kwenye kigoda akisimamia. "Hapo umeacha tundu." Anakohoa, anapumzika, ananyoosha kidole tena. "Na pale."

Banda likawa na joto mpaka nikalionea wivu.

Kuku wakarudi jikoni.

Nilikaa chini nikamwuliza mama, hawa kuku wana nini? Akaangalia pembeni, halafu akacheka mpaka akapaliwa. Jamani! Kila kuku anayeingia kwa mama, wa kununua au wa kupewa, kabla hajamwachia humzungusha kwenye mafiga ili asipasahau nyumbani. Waliototolewa hapa wanafuata mama zao. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa namshikia hao kuku, na nimejenga banda mara mbili bila kukumbuka mafiga. Hayo ndiyo yanayotokea ukikaa mjini muda mrefu.

Kwa hiyo jana tulitoa figa moja jikoni, pengo tukalijaza kwa tofali, na figa tukalibingirisha hadi bandani. Mama akamchukua kuku mmoja mmoja, akamzungusha polepole huku anaongea naye Kifipa, akamwingiza ndani. Mimi nilimwaga mahindi bandani, na mlango wa jiko nikaufunga mapema. Sijui kilichofanya kazi ni figa, mahindi au mlango. Jioni waliingia wote, jogoo wa mwisho, amenuna.

Nilitamani kucheza ngoma pale uani. Nikamwambia mama, leo unalala ndani, hakuna tena kicheche. Akasema, "Nimesikia."

Leo asubuhi nimefungua jiko nichukue kuni, nikamkuta humo.

Yuko kwenye godoro lake, pembeni ya majivu yaliyokwisha poa. Hakuna kuku hata mmoja. Peke yake, amejikunyata, anakohoa.

Sikumwamkia hata shikamoo. Nilifoka. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, kwamba anataka nimzike, kwamba nimejivunja mgongo bure, kwamba ni mbishi na atakufa na ubishi wake. Aliniacha nimalize. Halafu akasema kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kwamba tangu baba afariki, kile chumba chao usiku hakina kinachopumua. Kuku wanashtuka, wanajigeuza, wanaguna. Anawasikia, anapata usingizi.

"Na kicheche?" nikauliza kijinga.

"Ningekwambia nini? Mtu mzima mimi, nikwambie naogopa kulala peke yangu?"

Nikakaa chini hapo hapo kwenye majivu.

Mwaka mzima tuko uwanja mmoja, tunakula sahani moja. Tukishakula nafunga mlango wangu, nawaandikia nyinyi, watu ambao hata sura zenu sizijui. Na yeye anachukua blanketi lake anawafuata kuku.

Tumeshinda tunapura maharage. Nilimwomba radhi wakati tunapepeta, akasema "Yameisha," akaendelea kupepeta. Alasiri Mama Kulwa amenisaidia kubeba kitanda cha mama mpaka chumbani kwangu. Chumba ni kidogo, vitanda vimegusana, mlango unafunguka nusu, na nguo zangu sasa ziko kwenye ndoo. Mama ameingia, akakagua kuta kama anayekuja kupanga, akasema pana harufu ya mafuta yangu ya nywele. Kisha akapanda kitandani.

Kifua bado kinakwaruza. Sijui kama nimechelewa. Kesho nitampeleka tena kwa daktari, na safari hii nitamjibia mimi.

Naandika haraka maana ameshanigombeza mara mbili, mwanga wa simu unamuumiza macho. Ameuvuta mto, amegeukia upande wangu.

"Zima hicho kisimu ulale. Na ukilala usiwe kimya sana, koroma kidogo nijue upo."

Nazima.