Herufi N Ubaoni

Mama yangu,

Jambo sana, wewe na wote wa hapo nyumbani Kalemie. Goti lako linasemaje siku hizi? Mimi huku Bujumbura ni mzima wa mwili. Hilo naweza kulisema bila kukudanganya.

Umeniuliza mara mbili kama nitarudi, na mimi nikakujibu habari za mvua.

Mtaani kwetu Mutakura hakukaliki tena kwa risasi, kwa hiyo shule yetu imehamia kwenye ukumbi wa parokia, upande wa bandari. Bado nafundisha ile hesabu ya herufi uliyonicheka nayo, ukauliza herufi zinauzwa bei gani sokoni. Zamani herufi ilikuwa kifuniko tu. Ukiifunua unakuta namba. Karne iliyopita wataalamu fulani wa Ulaya wakathubutu kusema herufi isimamie chochote, hata isisimamie kitu. Mradi kanuni zifuatwe, hesabu itakwenda. Nililipenda sana somo hilo. Badala ya x na y, mimi huandika herufi za majina ya wanafunzi wangu, wasije wakasinzia. N ilikuwa Nadine, binti wa yule fundi cherehani, mbishi kama wewe.

Nadine aliuawa njiani akienda kuteka maji. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu nikaingia darasani, na kwa mazoea mkono ukaandika N. Nikashika kifutio. Espérance, rafiki yake, akasema, "Mwalimu, apana futa. We mwenyewe ulisema herufi si lazima ikuwe na mutu ndani."

Sikufuta. Niliendelea mpaka mwisho, na jibu likatoka sawasawa. Sikulia, Mama. Sikusikia kitu, hata njaa. Hilo ndilo linalonitisha. Nimekuwa kama ile hesabu: kanuni nazifuata, ndani hamna mtu.

Basi narudi. Wanafunzi wakimaliza mtihani wao, nitapanda mojawapo ya maboti yanayoleta saruji kutoka kwenu. Usipike karamu. Nigombeze tu ulivyozoea.

Nisalimie dada mkubwa na wanawe, shangazi muuza samaki wa ndagala, na mjomba wa kwaya, kama bado anaimba nje ya sauti.

Ulikuwa ukilalamika kwamba natia sahihi kwa herufi moja, kama naandikia ofisi. Leo nimeandika jina lote. Nikishuka botini uniite kwa jina hilo, urudie mpaka niitike.

Mwanao,
Emanueli