Ngazi za Kwaya

28 Septemba

Profesa wangu,

Salamu zikufikie hapo mlipofungiwa na vitabu, zikukute mzima na kichwa hakijapasuka kwa hesabu. Huku hatujambo. Mama mguu umeacha kumsumbua, na sauti ya kugomba iko palepale. Mimi usiulize, afya ya chuma.

Sasa kaa nikupe habari. Zile ngazi za kwaya kusimama safu safu mlizoletewa juzi, za rangi ya fedha, zinazong'aa mpaka masista wanajitazama humo, unajua ni kazi ya nani? Ya kaka yako, peke yake. Mzee Cheche, bosi wetu wa karakana, alikuwa safarini, akaniachia mashine ya kuchomelea na rundo la mabomba, akasema nijitahidi. Aliporudi akazizunguka zote, akaomba maji ya kunywa.

Nilizileta mwenyewe. Sista Mkuu akauliza kama zitabeba watu. Nikamwambia, Sista, hata ukipandisha tembo na mwanawe wataimba bila wasiwasi. Akacheka, yule mama asiyecheka. Akasema mahafali yakipita vizuri, vitanda vya bweni jipya tutatengeneza sisi.

Mimi na shule tuliachana kidato cha pili bila kugombana sana, lakini mwaka huu shule nzima itasimama juu ya kazi yangu. Wewe jiandae kupokea zawadi ya hesabu. Najua utaitwa. Akili zote za nyumba yetu ulichukua wewe, mimi nikaambulia sura.

Kwa kuwa simu kwenu ni dhambi, dereva wa gari la mkate ndiye posta yetu. Usimcheleweshe getini.

Kaka yako,
Fundi Mwenyewe


2 Oktoba

Kaka,

Shikamoo, ingawa kwa majivuno yale sijui kama shikamoo moja inatosha. Mimi mzima, nasoma, nakonda. Mwambie mama asitume sabuni tena, ninayo.

Ngazi zako nzuri, sikatai. Ila jana kwaya walipanda kwa mazoezi, zikayumba. Si sana. Zilikwenda upande mmoja kidogo zikarudi, na wale wadogo wa kidato cha kwanza wakacheka wakidhani ni mchezo. Mwalimu wa kwaya akawaambia wasimame kama watu wazima.

Nakuandikia kwa sababu sijui kama uliambiwa. Hapa wimbo wa mwisho wa mahafali hauimbwi na kwaya peke yake. Sisi tunaoaga hupanda tukasimama nao, darasa zima. Miaka yote walikuwa wanapanda ngazi za kanisa, za saruji. Mwaka huu Sista Mkuu anataka iwe uwanjani, ili wazazi wote waone.

Tumekubaliana kuacha nafasi moja wazi, safu ya juu, kando yangu. Ya Kinanda. Unamkumbuka, yule rafiki yangu aliyekuwa anapiga kinanda misani, akakufundisha wimbo mmoja ukauharibu. Homa ilimchukua mwezi wa tano, na kitanda chake mpaka leo hakuna aliyekubali kukilalia. Tulisema angalau siku ya kuagana tuwe naye.

Basi niambie, ulizipima kwa watu wangapi?

Mdogo wako


4 Oktoba

Profesa,

Nimepokea yako, nimecheka mpaka Mzee Cheche akauliza kama nimepata mchumba. Kitu cha chuma kisipoyumba kidogo hicho ni mwamba. Hata daraja linayumba. Hilo hawajakufundisha huko, njoo karakana tukupe shule.

Ni kweli tuliambiwa kwaya tu. Watoto thelathini wa kidato cha kwanza na cha pili, wepesi kama kuku wa kienyeji. Nyinyi wengine hamkutajwa. Lakini usijali, kazi ya mkono huu haihesabu watu.

Pole tena kwa Kinanda. Wimbo ule sikuuharibu, niliuboresha.

Halafu kuna jambo dogo, wala halina maana. Ukipita pale, angalia zile pembe ambapo bomba linakutana na bomba, hasa chini ya safu ya juu. Rangi ikoje? Nijibu na mkate wa kesho kutwa. Ni kwa ajili ya kumbukumbu zangu tu za kazi.

Mama anakusalimu. Ameshonewa gauni la mahafali, ukiliona usishtuke.

Kaka yako,
Fundi


9 Oktoba

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila usingizi umepungua na sisingizii mitihani.

Nimeangalia. Nilijifanya nimeangusha kalamu nikainama chini ya ngazi. Rangi imepasuka kwenye pembe, karibu zote za juu, kama midomo ya mgonjwa. Ndani ya ufa kuna kitu cheupe kama chokaa, ukikigusa kinadondoka unga. Halafu kuna mlio. Kwaya wakiwa juu hausikiki kwa sababu ya nyimbo, lakini wakinyamaza kuvuta pumzi unasikika, kama mtu anayesaga meno.

Nilimwambia mwalimu wa kwaya. Akampelekea Sista Mkuu. Jioni Sista akatuambia wote chakulani tusiwe na hofu, fundi mwenyewe alisimama mbele yake akasema zinabeba tembo. Wasichana wakanigeukia wakanipigia makofi. Ndiyo, walinipigia makofi kwa ajili yako.

Na jambo jingine. Mama yake Kinanda amekubali kuja. Sista Mkuu amemwomba asimame yeye kwenye ile nafasi. Kwa hiyo safu ya juu nitakuwa mimi, na mama wa watu, mkono kwa mkono.

Kile cheupe ni nini, kaka?

Mdogo wako


15 Oktoba

Profesa,

Natumaini u mzima. Nimekaa kimya si kwa kupenda.

Jumapili nilikuja huko. Hukuniona. Nilikuja na mashine nzima kwenye mkokoteni, nikawaambia nataka kupiga rangi upya. Umeme haukuwepo. Nikakaa na mlinzi mpaka jua likaanza kuchoma shingo. Sista Mkuu akatoka misani na wageni, akanishika bega mbele yao, akasema huyu kijana aliacha shule kidato cha pili, mtazameni sasa. Nilikuwa nimelipanga neno mdomoni tangu nyumbani. Likarudi tumboni. Nikasema asante Sista, nikasukuma mkokoteni wangu.

Sasa nisikilize. Zile pembe sikuzichomelea. Nilizishika kwa nukta nukta tu, ili nizipange kwanza, kisha nizungushe moto pote. Ndivyo kazi inavyofanywa. Vijiti vya kuchomelea vikaisha, Mzee Cheche akarudi, siku ya kuleta imefika. Nikamwambia ukweli. Akasema kanda unga wa kuzibia mashimo, jaza, piga rangi, watoto wataimba dakika kumi watashuka, nani atauliza? Kile cheupe ndicho hicho. Juzi nimemfuata tena. Akasema nikifungua mdomo nimefukuzwa, na vitanda vya bweni nimeviua mimi.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi asubuhi umwa. Tumbo, kichwa, chochote, wewe hodari wa kuigiza tangu utotoni. Ukae zahanati mpaka wimbo uishe. Zawadi watakuletea. Usimwambie mtu.

Nakuomba, mdogo wangu. Sijawahi kukuomba kitu, nakuomba hicho.

Kaka yako


17 Oktoba

Kaka,

Salamu zako nimezipata, na mengine yote nimeyapata.

Nimesoma barua yako chooni, mahali pekee pa kuwa peke yako hapa, halafu nikaenda darasani nikakaa kati yao. Anayekaa mbele yangu alikuwa anasukwa nywele kwa ajili ya Jumamosi. Mwingine anafanya mazoezi ya kulia vizuri ili picha zitoke. Nikawatazama mmoja mmoja nikajiuliza, mimi nitaumwa tumbo, na hawa je? Mimi ni mdogo wako, na hawa ni wa nani? Na yule mama aliyezika mtoto mwezi wa tano, nimwache ashike hewa?

Nilikwenda kwa Sista Mkuu. Sikuonyesha barua. Nilisema tu kwamba kaka ana wasiwasi. Akasema, "Kaka yako alikuwa hapa Jumapili, nimemshika bega kwa mkono wangu. Kama ana wasiwasi, ana mdomo."

Basi siumwi. Jumamosi nitapanda safu ya juu, mahali pangu, na nitamshika yule mama mkono. Ukitaka nisipande, unajua wa kumwambia, na si mimi.

Misa ni saa tatu. Wimbo ni baada ya zawadi.

Mdogo wako


20 Oktoba

Kaka,

Hujambo? Jana hatukupata nafasi ya kuzungumza, walivyokutoa nje. Nakuandikia ujue yaliyofuata.

Ulipopita katikati ya wazazi na ovaroli lako, nilikuwa nimekwisha weka mguu safu ya pili. Wadogo walikuwa tayari juu. Sikusikia ulichomwambia Sista Mkuu, nilimwona tu anakuinamia kama anasikiliza ungamo. Waliokaa karibu wanasema alikuuliza, "Na yule tembo?" nawe ukasema, "Nilidanganya, Sista. Washushe, nakuomba, washushe kwanza."

Akatushusha. Mpaka hapo nilijua nina kaka.

Lakini hukuona baada ya mlinzi kukushika. Mzee Cheche alitoka kwenye viti vya wageni, akasema kijana ni mlevi na amefukuzwa kazi kwa wizi, akapanda mwenyewe mpaka safu ya juu, na unene ule, akaruka. Akaruka mara tatu. Ngazi zikalia zikasimama. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mzazi mmoja akasema sherehe imeharibiwa na mwendawazimu. Mama alikuwa kati yao na gauni lake jipya, akitazama chini.

Sista Mkuu hakubishana na mtu. Alisema tutaimba chini. Tukaimba kwenye nyasi, wa nyuma hawakuonekana, picha zimetoka vichwa tu. Mama yake Kinanda alisimama kando yangu. Hakulia. Alinibana vidole mpaka leo vinauma.

Zawadi ya hesabu nimepata. Nilipokwenda kuichukua hawakunipigia makofi kama ile siku ya chakulani.

Mitihani inaanza wiki ijayo. Sijui kama watu watakuja kukuamini. Mimi nimeziona zile pembe.

Mdogo wako


31 Oktoba

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mitihani inakwenda. Mama hajambo, ameanza kusema nami, ingawa bado ni kwa kugomba. Hongera ya zawadi. Makofi yako ninayo mimi, nitakupigia ukirudi.

Kazi sina. Kila karakana ninayokwenda Mzee Cheche amenitangulia. Hilo nalimeza.

Lisilomezeka ni hili. Siku ya tatu baada ya mahafali alizifuata ngazi kwa gari, Sista akamwachia, hakutaka kuziona tena. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya barabara nikaona zinaingizwa karakana. Nikajua atazivunja, au atazichomelea sawasawa, roho ikatulia. Wiki nzima sikuona cheche hata moja mle ndani. Jana asubuhi nimepita, zimeondoka. Kijana aliyechukua nafasi yangu ananiambia zimepakwa rangi mpya, ya bluu, na zimeuzwa.

Kwa nani, hajui. Shule, anasema. Kulikuwa na sista kwenye gari, au mwalimu aliyevaa kama sista.

Nimemfuata Mzee Cheche mpaka mlangoni kwake. Akanitazama akatabasamu, akasema, "Si ulisema mbele ya watu kwamba hazifai? Basi kwangu hazipo."

Tangu jana natembea. Nimekwenda shule nne. Getini wananiuliza natafuta nini, nikisema natafuta ngazi wananicheka, na walinzi wawili wamekwisha sikia habari za mwendawazimu wa mahafali. Sista Mkuu nimemwomba aandike kwa wenzake. Anaandika. Lakini ndio mwezi wa kuagana, kila mahali wanafunga mwaka, kila Jumamosi kuna kwaya.

Waulize wenzako, mmoja mmoja, hata wakati wa mitihani. Yeyote mwenye ndugu au rafiki anayeaga wiki hii, shule yoyote, amwandikie leo amuulize watasimama juu ya nini. Kama ni ngazi, ni za rangi gani.

Jumamosi ni kesho kutwa. Mimi nikimaliza barua hii nakwenda shule ya tano.

Kaka yako