Mkate Mtamu wa Mzee Gan

Jumatano, 23 Januari 2019
Mvua ya upepo tangu alfajiri. Nimeuza miwani moja tu, tena kwa mtu aliyeikalia ile ya kwanza.

Mama amekula vijiko vitatu vya uji, akasukuma bakuli. Nikamwambia amekonda. "Usijali," akasema, "wewe umenenepa kwa niaba ya nyumba nzima." Ulimi basi haujambo. Mwili ndio unaonitia hofu.

Miezi minne tangu Baba atutoke. Nyumba yenye msiba haipiki mkate mtamu wa mwaka mpya wa Kichina – wengine ndio huiletea. Leo Mama ameosha ile sahani kubwa ya maua, akaiweka mezani. Tupu.

Jumapili, 27 Januari
Sahani bado tupu.

Mke wangu Siok-hun alimnong'oneza kaka yake, naye akaleta mkate wa dukani, ndani ya plastiki. Mama alimshukuru vizuri sana, kisha akaufungia kabatini. Baadaye akaniambia: huyo ni mkwe, ni wajibu wake, hahesabiki.

Wanaohesabika ni watu wa mtaa. Miaka arobaini Mama amepeleka mkate kila nyumba iliyofiwa, na Baba, kinyozi wao, alinyoa kila kichwa cha mtaa huu.

"Labda sasa wananyoana wenyewe," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba hawajamsahau Baba, wamesahau mkate. Vijana hawaijui desturi, na wazee kila mmoja anadhani mwenzake ameshapeleka. Nikasema tu kwamba mvua ikikatika watakuja.

Jumanne, 29 Januari
Mvua imekatika. Hakuja mtu.

Usiku wa jana Mama hakula kabisa. Asubuhi akauliza, bila kunitazama, "Hata Gan?"

Mzee Gan ni seremala, mgane, ana masikio kama mbao zake. Miaka thelathini alicheza sataranji na Baba kila jioni, wakitukanana hadi chakula kipoe. Tangu mazishi hatujamwona. Nikapita kwake: mlango umefungwa. Jirani anasema yuko mji wa Kaohsiung kwa bintiye, atarudi baada ya sikukuu, au kabla, hana hakika.

Njiani nikapata wazo. Mawazo yangu mazuri hunijia nikiwa kwenye pikipiki, na mabaya vilevile, na sijui lipi ni lipi mpaka nishuke. Nitaupika mkate mwenyewe. Nitasema ameuleta Gan.

Siok-hun: nyumba yenye msiba haipiki.

Nikamwambia nitapikia dukani. Duka si nyumba.

"Wazee waliotangulia wanajua anwani zako zote mbili," akasema. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akanitajia kilo za mchele wa kunata na za sukari nyekundu.

Alhamisi, 31 Januari
Nimeharibu.

Mchele niliuloweka jana, nikausagisha leo asubuhi. Rojo nikalitia kwenye mfuko wa kitambaa, nikalikandamiza kwa mashine ya kukatia lenzi ili maji yatoke. Hapo nilijiona fundi. Nikachanganya sukari, nikabandika chungu cha mvuke chumba cha nyuma. Baada ya saa moja miwani yote mia mbili ukutani imepofuka. Akaja bibi mmoja kupimwa macho, akasema anaona ukungu. Nikamwambia hata mimi.

Mama hutufukuza jikoni mkate ukiwa motoni. Hairuhusiwi kuuliza kama umeiva. Mimi nimekiuliza chungu kwa sauti, mara tatu.

Saa sita za mvuke, na katikati ni gundi. Wanasema mkate usioiva ni dalili ya mwaka mbaya kwa nyumba. Mimi siamini mambo hayo. Mama ana miaka themanini na mmoja. Nimeutia kwenye ndoo, nimeufunika kitambaa. Siwezi kuutazama.

Ijumaa, 1 Februari
Siok-hun amekuja dukani na rojo jipya na vipande vinne vya mwanzi mtupu, akavisimamisha pande nne za chungu, mvuke upande mpaka juu. "Hivi ndivyo Mama anavyofanya. Miaka yote hii umekula kwake na hujawahi kuona?" Sikuwahi. Nilikuwa natazama mkate.

Nikafunga duka na mdomo. Saa nane za mvuke. Nikauchoma kwa kijiti, kikatoka kikavu. Rangi ya chai nzito.

Nimempigia Gan mara tano ili tupatane uongo. Simu yake hulia kwa faida ya majirani tu.

Jumamosi, 2 Februari
Niliuweka kwenye sahani Mama akiwa amelala mchana. Akaamka, akasimama mlangoni.

"Nani?"

"Mzee Gan. Alikuwa na haraka."

"Mbona hukuniamsha?"

"Alikataa."

"Gan? Yule anayepiga hodi kwa teke?"

Nikasema uzee humlainisha mtu. Akaubonyeza kwa kidole. Akaagiza kisu. Akala kipande. Akala cha pili, cha tatu, mimi nikihesabu kama mwizi.

"Seremala huyu," akasema, mdomo umejaa. "Sukari ameimwaga kama anapaka vanishi." Kisha akaanza kusimulia jinsi Baba alivyomnyoa Gan upande mmoja tu siku ya harusi yake, akamwacha vile mpaka akubali kwamba ameshindwa mchezo. Akacheka. Tangu mazishi sijamsikia akimtaja Baba kwa muda mrefu namna ile.

Siok-hun alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Jumapili, 3 Februari
Mama amekula bakuli zima la uji na vipande viwili vya mkate. Rangi imemrudi. Kisha akafunga mfuko wa sukari kwa karatasi: aliyekuletea mkate humrudishii mikono mitupu. Nikasema naupeleka mimi, tena sasa hivi. "Ukae," akasema. "Nampigia kwanza nimshukuru mwenyewe." Simu ikalia, ikalia, ikakatika. Nikapumua.

Ndipo mlango ukapigwa teke.

Naandika haya nikiwa chooni. Mzee Gan yuko sebuleni. Nimemwona kupitia ufa: viatu vina tope, begi la safari begani, na mikononi kitu cha mviringo kimefungwa kwa kitambaa. Anapiga kelele kama kawaida yake – ameshuka kwenye basi sasa hivi, bintiye hajui kupika, amesimama jikoni mwenyewe usiku mzima, anaomba radhi kwa kuchelewa. Anasema aliogopa kukaa kwenye kiti chetu bila Baba upande wa pili.

Mama ameinuka.

Namsikia akivuta kabati. Sahani nyingine. Kisu kimekata mkate mmoja, kimekata na wa pili. Sasa wanatafuna wote wawili.

Siok-hun anagonga mlango wa choo, polepole. Anasema Mama ameweka kiti cha tatu, kwa ajili yangu.