Ma'mdogo, Nimeitaja Ile Chupa

Mpendwa Ma'mdogo,

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya waendeshaji wa maji wa vijijini, kwenye ukumbi mmoja hapa Kashaulili, Mpanda mjini, nikaitaja ile chupa. Nikasema ni wewe uliyeiosha. Najua ungekuwapo ungeniuliza kwanza kama walicheka. Walicheka. Nitafika huko.

Nilikuwa darasa la tano, nakaa kwako Kasokola, na wewe ndiye uliyekuwa na funguo za pampu ya kijiji. Watu walikuita Mama Bomba, wengine kwa heshima, wengine kwa kukuchokoza, kwa sababu hawakuwa wamezoea kumwona mwanamke akipanda ngazi ya tanki na spana kiunoni. Siku ile bwana afya alikuletea chupa ndogo ndani ya mfuko. Akakwambia uijaze maji ya bomba kesho asubuhi, yeye ataipitia aipeleke maabara. Akawasha pikipiki akaondoka.

Ulipoifungua ukaona unga mweupe umeshika chini.

"Ona wasomi hawa," ukaniambia. "Wanatuletea chupa chafu, halafu maji yakionekana machafu watasema ni ya Kasokola."

Ukaiosha kwa sabuni ya kipande. Ukaisuuza kwa maji ya moto mara tatu, ukaianika juu ya kichanja pamoja na sahani zetu. Mimi ndiye niliyekaa kufukuza kuku. Sijawahi kuona chombo kikioshwa kwa upendo kama ule.

Karatasi ya majibu ilisema maji yanafaa kwa kunywa. Ukaibandika kwa uji wa mahindi kwenye ukuta wa kituo cha kuchotea, mahali ambapo kila mwenye ndoo angeiona. Unamkumbuka Mzee Masanja, jirani yetu aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani? Aliisoma polepole kwa kidole, kisha akasema, "Mama Bomba, sasa hata ng'ombe wangu watataka cheti." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ulitembea tofauti miezi ile, Ma'mdogo. Hata kilemba ulikifunga juu zaidi.

Kisha bwana afya akarudi na chupa nyingine. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wameweka madumu chini wanapiga soga. Uliiinua chupa juani, ukaona unga, ukamwambia kwa sauti ya ushindi, "Umeniletea chafu tena. Ngoja niioshe kama ile ya kwanza."

Yule kijana akakueleza taratibu, na nakumbuka alivyotazama chini, kana kwamba kosa ni lake. Na kweli lilikuwa lake pia, hakuna aliyekuwa amekwambia. Ule unga unawekwa makusudi. Kazi yake ni kuisimamisha pale pale dawa ya maji inayotiwa tankini, ili maabara iyaone maji kama yalivyotoka bombani. Ukiuosha, dawa inaendelea kuua vijidudu njiani, na chupa inafika mjini ikiwa safi kuliko bomba lenyewe.

Kisha ukaenda ukutani ukaanza kuibandua ile karatasi. Uji ulikuwa umekauka, ikawa inatoka vipande vipande, na wewe ukaikwangua kwa kucha mpaka pakabaki doa.

Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji akakuvuta pembeni. Nilikuwa nyuma yako, nilisikia.

"Mama Bomba, tulia. Subiri majibu mapya. Ukiwaambia leo, nani atakuamini tena?"

"Wasiponiamini watachemsha," ukamjibu. "Ndicho ninachotaka."

Ukafunga khanga yako nyekundu kwenye bomba, ukawaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba maji haya ni ya kufulia na kuoshea, ya kunywa wayachemshe. Halafu tukatembea mimi na wewe, nyumba kwa nyumba, hadi mashamba ya alizeti yanapoanza. Kwenye kila mlango ulisema maneno yale yale: "Niliosha chupa ambayo sikutakiwa kuiosha. Ile karatasi msiiamini. Chemsheni." Mama mmoja akakuuliza, "Nyie mnaosoma karatasi, sasa tumwamini nani?" Hukujitetea. Ulimwambia tena achemshe, ukamsaidia kutwika kuni.

Mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze. Nakwambia leo kwa sababu sikuwahi kukwambia.

Majibu mapya yalipokuja yalionyesha maji hayakuwa salama. Chini ya tanki maji yalikuwa yanamwagika, ng'ombe wa Mzee Masanja walikuwa wanakunywa pale pale, hatua chache kutoka kisima cha pampu, kinyesi chao kikichuruzikia humo. Ulimfuata mwenyewe. Alinuna siku mbili, ya tatu akaja na panga akakata miiba, akajenga uzio. "Umenifukuza bila hata cheti," akakwambia. Siku bomba lilipopimwa tena na kuonekana zima, uliifungua khanga bombani, ukaifua, ukaivaa kanisani.

Nilipofika chuo, mwalimu wetu wa maabara alitusimulia kwamba kule vijijini watu huosha chupa za sampuli. Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, Ma'mdogo. Nilicheka kwa sauti ili asije mtu akaniangalia usoni. Ulikuwa bado hai. Likizo ile nilikuja nyumbani, ukanipikia kisamvu cha karanga, ukaniuliza chuoni tunafundishwa nini. Nikasema, "Mambo mengi tu." Sentensi hiyo imekaa na mimi tangu tukuzike.

Sasa nipo Mpanda, kwenye ofisi inayoandaa kitabu kidogo cha istilahi za maji ya kunywa kwa ajili ya waendeshaji. Kazi yangu ni kuchukua maneno ya kanuni, kama chanzo, mtandao wa usambazaji, dawa iliyosalia, ukiukaji wa kiwango, na kuandika kila moja lina maana gani kwa mtu mwenye funguo za pampu. Ni kazi ya kukaa kimya na karatasi, inanifaa.

Tulipofika kwenye "taarifa kwa umma", rasimu ilisema ni ripoti ambayo mwendeshaji huwasilisha ofisini pale maji yanapokiuka kiwango. Nikasema hapana. Umma ni wale wenye ndoo. Ofisi iandikiwe, lakini hiyo iitwe jina lingine.

Mhandisi wetu, mtu mwema asiyependa vikao virefu, akavua miwani. "Binti yangu, hiki ni kitabu cha maneno, si cha hadithi. Mwendeshaji akianza kutangaza kabla ya ofisi kujua, itakuwa vurugu. Una mfano wowote?"

Nilikuwa nao mmoja tu, na ndio ule niliouficha. Nikawasimulia kuhusu sabuni, kichanja, kuku, karatasi iliyokwanguliwa kwa kucha, na nyumba moja moja. Nilipomaliza Mhandisi alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. "Ilichukua muda gani kumaliza kijiji?" akauliza. Nikamwambia jua lilikuwa bado halijazama. Akasema, "Andika wewe."

Hivi ndivyo maana hiyo ilivyochapwa: *Taarifa kwa umma: kuwaambia wanaokunywa maji, pale wanapoyachota na majumbani mwao, kwamba maji si salama na wafanye nini, siku ile ile mwendeshaji anapojua, hata kama kosa ni lake.* Yale maneno matano ya mwisho, Ma'mdogo, ni yako.

Ndipo wiki iliyopita nikapelekwa kuwafundisha waendeshaji. Niligawa chupa zenye unga, nikauliza nani amewahi kuosha chupa kama hizi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Nikasema, "Mama yangu mdogo aliiosha. Kwa sabuni ya kipande na maji ya moto, mara tatu." Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini safari hii niliwaangalia usoni wote. Kisha nikawaeleza ulichofanya baada ya hapo. Kicheko kikaisha.

Nyuma kabisa mwanamume mmoja, mrina asali wa Ugalla anayesimamia bomba la kijiji chao, akanyanyua mkono.

"Mwalimu, mimi niliiosha ya mwezi uliopita. Majibu tuliambiwa mazuri."

Mwenzake akamtania, "Umezoea kuosha mitungi ya asali wewe!" Mrina asali akafungua kitabu, akatafuta ukurasa, akausoma akichezesha midomo. Chai ilikuwa imeshaletwa. Akaipita, akatoka nje na simu, na dirishani nilimsikia akimwambia mkewe, "Chukua kitambaa chochote chekundu, nenda bombani. Waambie wachemshe. Waambie ni mimi nimekosea."

Nilisimama pale dirishani mpaka alipokata simu. Nilitamani ungemsikia. Nilijivuna, nisikufiche, nilijivuna kama wewe na kilemba chako.

Pumzika, Ma'mdogo. Khanga ninayo mimi, imepauka, naitunza.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, uliyemwachia kufukuza kuku.