Mahindi Katika Maabara

Hosteli ya Wasichana,
Ileje.
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama umfikishie shikamoo yake, na Lucky mwambie dada yake anamkumbuka hata kama hajibu salamu. Mimi nina afya ya kutosha kushika kalamu. Ukungu haujaondoka tangu Jumatano na nguo zetu hazikauki.

Baba, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Frida ambaye analala kitanda cha juu yangu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, naenda nyuma ya vyoo kutapika. Si malaria, nimepima. Ni kwa sababu ya sentensi moja ya Kiingereza.

Mwalimu Ezron, yule wa taaluma, ameanzisha utaratibu. Kila ambaye hakufikia alama alizopangiwa kwenye jaribio la wiki anapanda ngazi ya ofisi, anaigeukia shule nzima na kusema: "I fell short of my target." Ukisema kwa sauti ndogo unarudia. Sauti yangu unaijua. Jumatatu iliyopita nilirudia mpaka kidato cha kwanza wakaanza kunisaidia kama kwaya. Mwalimu akasema, "Sekela, hata kushindwa kwako hakusikiki!" Shule ikaangua kicheko. Frida naye alicheka, halafu jioni akaniletea nusu kipande cha sabuni kuomba msamaha.

Nilikwenda maktaba kuyatafuta maneno hayo kwenye kamusi, maana sipendi kusema kitu nisichokielewa. Maana yake ni kutofika pale ulipokusudia, kama mtu aliyerusha jiwe livuke mto, likadondokea majini. Si tusi. Kamusi inatoa mifano: mavuno yanaweza kutofika, ahadi inaweza, hata kampuni kubwa inaweza. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni maneno ya wanafunzi peke yao. Nimeyasoma mara nyingi na kila mara nimezidi kukasirika.

Mimi napanda ngazi kwa kemia tu. Masomo mengine nafikia. Kwa kemia tunapanda karibu darasa zima, kwa sababu tuko kidato cha nne na mwaka huu hatujashika hata chupa moja. Maabara ina kufuli tangu shule zilipofunguliwa, na madirisha yamebandikwa magazeti kwa ndani. Tukiuliza tunaambiwa inakarabatiwa. Hatujasikia nyundo hata siku moja. Mwezi wa kumi na moja tutafanya mtihani wa taifa wa vitendo. Bila kemia siingii chuo cha famasi, na unajua sijawahi kukuomba kitu kingine.

Wewe na Mkuu wa Shule mnafahamiana. Tafadhali muulize.

Mwanao,
Sekela


Chapwa,
Tunduma.
11 Machi 2025

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Yesaya alinifikishia barua yako kutoka kwenye fuso lake ikinuka dizeli, lakini inasomeka. Huku tunaendelea vizuri, ila foleni ya malori ya mpakani imefika mpaka kwetu na vumbi linambana mama yako kifua. Lucky anakula kama trekta.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndiyo imeniudhi zaidi. Kutapika kwa sababu ya sentensi! Mimi enzi zetu nilichapwa mbele ya wasichana niliokuwa nataka kuwaoa, na sikutapika. Muulize mama yako, alikuwepo.

Kiingereza changu ni cha sokoni, kwa hiyo nilimsomea dereva mmoja wa Nakonde anayesubiri kuchukua mahindi, Bwana Chanda. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. Akasema, "Mudala," yaani mzee kwa lugha yao, "hayo ni maneno ya timu yetu ya mpira! Kila mwaka tunasema hivyo, na kila mwaka tunanunua jezi mpya." Kisha akanieleza vizuri, kwa mfano wa lori lililoishiwa mafuta kabla ya kufika Ndola. Nimeelewa. Sasa kama wanaume wazima kumi na moja wanasema hivyo na wiki inayofuata wanaingia tena uwanjani, wewe ni nani hata utapike?

Habari ya maabara achana nayo. Shule ina mipango yake. Usimuulize Mkuu, usiwachochee wenzako, na usiniandikie tena habari ya kufuli. Kemia imeandikwa kwenye vitabu, na wewe kwa vitabu hujambo.

Nakutumia karanga, sabuni na daftari.

Baba yako


Hosteli ya Wasichana,
Ileje.
23 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu Mama alinifundisha kutoanza barua bila salamu. Asante kwa karanga. Nimewagawia wenzangu zote.

Jumatatu sauti yangu haikusikika tena, kwa hiyo Mwalimu Ezron akatupa adhabu mimi na Frida: kumsaidia mtunza stoo. Yule mzee akatuongoza moja kwa moja hadi maabara, akafungua kufuli na kutukabidhi ndoo ya dawa ya wadudu. Ndani hakuna ukarabati. Kuna magunia ya mahindi kutoka sakafuni hadi kwenye dari, juu ya meza, ndani ya masinki, mpaka kwenye kile chumba kidogo cha kemikali. Frida akasema, "Mwenzangu, kumbe kemia yetu yote ni ugali!" Nikacheka naye ili asiuone uso wangu.

Kwa sababu kila gunia lina duara la bluu na mkia.

Kila mfanyabiashara wa Tunduma ana alama yake ya rangi, mizigo isije ikachanganyika mpakani. Ile ni yako. Na mchoraji ni mimi, Baba. Likizo ya Desemba nilikaa uani siku nzima na kopo la rangi nikichora duara baada ya duara. Gunia lililo karibu na mlango mkia wake umepinda, kwa sababu Lucky alinisukuma mkono. Uliniambia mzigo ule unavuka kwenda Nakonde kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo ulijua. Ulipoandika "achana nayo" ulijua kilichomo ndani. Ulipoandika "mimi sikutapika" ulijua. Watoto wa watu wanapanda ngazi, wanainamisha vichwa na kusema wamepungukiwa, na kilichowapunguza ni mahindi yako yanayosubiri bei. Mkuu anajua, Mwalimu Ezron anajua, na wewe unajua, lakini wanaosimama pale juu ni sisi. Baba zetu wengine walibeba mawe ya jengo lile kutoka mtoni bila malipo. Wewe pia ulibeba, kabla hatujahamia Tunduma. Nilikuwa darasa la tatu, nilikuletea maji.

Tarehe 16 Mei kuna mkutano wa wazazi. Mwalimu Ezron anasema siku hiyo tutapanda ngazi mbele yenu. Yaondoe kabla ya hapo. Sitamwambia mtu alama ile ni ya nani ukiyaondoa.

Mwanao,
Sekela


Chapwa,
Tunduma.
29 Aprili 2025

Sekela,

Salamu. Sisi wazima. Sikujibu mapema kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilichana karatasi kwa hasira. Hata leo sijatulia.

Hivi ndivyo unavyomwandikia baba yako? "Sitamwambia mtu ukiyaondoa." Hayo ni maneno ya mtoto, au ya askari wa mpakani? Mama yako nimemsomea, amelia. Lucky nimemtoa nje asisikie.

Sikiliza. Kibali cha kuvusha mzigo kilikwama Desemba na hakijatoka. Stoo niliyopanga hapa Chapwa paa lake linavuja kama chujio. Mkuu ndiye aliyesema ana chumba kikavu kisichotumika, maana mwalimu wa kemia alihama na mwingine hajaletwa. Niyaweke wapi? Kichwani kwako? Mahindi yale yakioza, tunaoza na sisi wote, na hiyo famasi yako inaishia hapo. Hulijui hilo kwa sababu hujawahi kulala ukisikia mvua na kuwaza magunia.

Kibali kinatarajiwa mwezi wa sita. Mtihani wenu ni wa Novemba. Kemia haina miguu, haitakimbia.

Mkutanoni nitakuja. Utapanda, utasema ulichofundishwa kama wenzako, kwa adabu, utashuka. Baada ya hapo tutakula soda, na habari hii itakuwa imekwisha. Usinilazimishe kuwa baba ambaye hutamtambua.

Baba yako


Hosteli ya Wasichana,
Ileje.
18 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Ijumaa hukuniaga, kwa hiyo sijui kama ulifika salama. Natumaini ulifika. Mama naomba aendelee kutumia ile dawa ya kifua.

Nakuandikia mambo ambayo mengine uliyaona mwenyewe, kwa sababu uliondoka katikati na nataka ujue upande wangu ulikuwaje.

Nilikusubiri mpaka dakika ya mwisho. Nilipokuona umekaa mstari wa mbele na koti lako la kanisani, nilidhani utasimama na kuongea. Mkuu alisema, "Kama kuna mzazi mwenye neno," na wewe ukakuna shingo. Wenzangu wakapanda mmoja mmoja. Frida alisema sentensi yake huku analia, na baba yake, Mzee Aliko, akapiga makofi kwa sababu alidhani ni shairi.

Nilipanda nikasema: "The people who locked our laboratory fell short. My father is one of them."

Nilisikika hadi kwenye nguzo za goli. Na unakumbuka kilichotokea? Wazazi walishangilia. Mama Gwantwa alipiga kigelegele, akasema, "Mwalimu hebu tutafsirie, katoto kana Kiingereza kitamu haka!" Mwalimu Ezron alitazama chini. Mkuu akasimama, akatabasamu, akasema, "Anawaomba radhi wazazi kwa matokeo yake ya kemia." Na wote mkutanoni wakasema, pole mama, pole, utafanya vizuri.

Nikakutazama. Katika uwanja mzima, ukiwaondoa walimu, mzazi aliyejua kwamba huo ni uongo alikuwa mmoja. Bwana Chanda alikueleza. Uliniandikia mwenyewe kwamba umeelewa. Ulitakiwa kusema maneno mawili tu, "Sivyo alivyosema," na mimi ningeshuka, nisingeongeza kitu. Ulitazama viatu vyako.

Magunia ningeweza kuyasamehe. Kibali kilikwama, paa linavuja, nimeelewa, nami ni mtoto wa mfanyabiashara. Lakini pale ngazini uliniacha niombe radhi kwa mdomo wa mtu mwingine. Hilo sijui nilifanyie nini.

Ndiyo maana nilirudia kwa Kiswahili. Nilisema: "Sikuomba radhi. Nimesema waliofunga maabara yetu ndio hawakufikia lengo, na baba yangu ni mmojawapo. Mle ndani kuna mahindi yake." Mama Gwantwa akauliza, "Mahindi ya nani?" Ulikuwa umeshasimama na watu wote walikuwa wanakutazama. Ulichukua kofia yako ukaondoka kwa njia ya bustanini.

Yaliyofuata hukuyaona. Wazazi walidai ufunguo. Mkuu akasema mtunza stoo amesafiri, huku mtunza stoo amesimama nyuma yake. Mzee Aliko akaenda na bisibisi ya pikipiki yake akafungua bawaba, mlango ukatoka na kufuli lake. Watu waliingia, wakayaona magunia. Mzee mmoja alikaa kwenye msingi wa jengo na kusema alikatika kidole akibeba mawe yale. Sikujua. Hakuna aliyekula soda.

Jana kidato cha nne tuliyatoa magunia yote. Tuliyaburuta wanne wanne hadi barazani, tukayapanga juu ya magogo yasishike unyevu, tukayafunika kwa turubai la kanisa. Hakuna hata moja lililopasuka. Yako salama, njoo uyachukue. Yesaya amesema anaweza kuleta fuso Alhamisi.

Mkuu ameniambia kesho niende ofisini na sanduku langu, huenda nikarudishwa nyumbani. Sijui atanirudisha wapi, maana nyumbani ni kwako. Mwalimu Ezron alinikuta bombani leo asubuhi. Alisema, "Sekela, mstari wa kesho hautakuwa na ngazi." Sikumshukuru.

Baada ya ibada nilirudi maabara. Nilifagia, nikaokota punje kwenye masinki, nikayabandua magazeti madirishani kwa maji ya moto. Mabomba hayatoi maji, kwa hiyo tulibeba ndoo kutoka kisimani. Niliosha chupa zote, mbili zilikuwa zimevunjika. Kemikali hatuna, na mwalimu hatuna. Frida alikaa juu ya meza akisoma maelekezo ya kitabuni kwa sauti, na mimi nikafanya kwa maji matupu: kuvuta kwa pipeti, kusimamisha kwenye mstari, kumwaga taratibu. Mara ya kwanza nilizidisha. Nikamwaga, nikaanza upya.

Mwanao,
Sekela